Sitara na Taswira: Swali la Maadili katika Picha za Maisha ya Jiji

Utangulizi

Mashindano ya upigaji picha yanayonuia kuyasifu maisha ya jiji si jambo geni tena mjini Nairobi. Utaratibu wake haubadiliki sana. Tangazo hutolewa, wapiga picha, wengi wao vijana, huwasilisha kazi zao, jopo la waamuzi huketi, picha teule huchapishwa kwa ukubwa na kutundikwa ukumbini, mgeni wa heshima hufungua maonyesho na washindi hutuzwa. Watazamaji hutembea polepole kutoka picha hadi picha wakiutazama mji uleule waliouacha nje ya mlango: kinyozi chini ya mti, mama mchoma mahindi, matatu iliyorembwa, watoto wanaoruka dimbwi, mvuta mkokoteni. Aghalabu wanaotazama si wale wanaotazamwa. Hoja ya makala haya inaanzia katika pengo hilo.

Yamkini msomaji atashangaa kwa nini jarida la uhakiki wa fasihi lishughulikie kazi ya kamera. Sababu ni mbili. Kwanza, tatizo la kimaadili linaloibuliwa na picha za namna hii ni tatizo ambalo sisi wahakiki tunalifahamu kwa jina jingine: ni nani aliye na haki ya kuyasimulia maisha ya nani? Pili, mwandishi wa makala haya hakuwa mtazamaji tu. Niliwahi kuketi katika jopo la waamuzi wa mashindano madogo ya aina hiyo, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fasihi, niliombwa pia niandike maelezo mafupi ya kuwekwa chini ya picha zilizoshinda. Nilikubali bila kusita. Ninayoyajadili hapa ni matokeo ya kukubali huko.

Makala haya hayaulizi kama picha ya barabarani ni sanaa. Suala hilo halina utata mkubwa siku hizi. Wala hayaulizi picha ni mali ya nani kisheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza kinga nyingine. Hata hivyo, sheria hiyo yenyewe inatoa nafasi ya pekee kwa kazi za uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Kwa maneno mengine, msanii anapofika mahali ambapo sheria imemwachia nafasi, dhamiri ndiyo inayobaki kumwongoza. Makala haya yanahusu dhamiri hiyo.

Picha mbili za mtu mmoja

Picha tuliyoipa nafasi ya kwanza ilipigwa asubuhi ya mvua katika barabara ya Haile Selassie, karibu na Soko la Wakulima, ambalo wakazi wa Nairobi hulijua zaidi kwa jina la Marikiti. Kijana mmoja ameinama mbele ya mkokoteni uliosheheni magunia ya viazi. Mishipa ya shingo imemtoka, miguu imezama katika matope, na macho yake hayatazami mbele bali pembeni. Nyuma yake, katika ukungu, linaonekana Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, KICC, lililokamilika mwaka 1973. Mpiga picha alikuwa na jicho zuri, na hapana shaka kwamba picha yenyewe ilikuwa nzuri. Jopo halikubishana. Mwamuzi mmoja alisema kwamba hii ndiyo Nairobi ya kweli, nasi tukaafiki. Chini yake niliandika maneno machache kuhusu ushujaa wa kila siku na uti wa mgongo wa jiji.

Picha hiyo ilitumiwa baadaye katika mabango ya kutangaza maonyesho, kisha ikasambaa katika simu za watu kama ilivyo desturi ya siku hizi. Majuma kadhaa yalipita. Siku moja nilikuwa Marikiti kununua mahitaji ya nyumbani, nikamwona kijana yuleyule ameketi juu ya mkokoteni mtupu akinywa chai. Nilimwendea kwa furaha, kama mtu aliyekutana na mhusika wa kitabu anachokipenda, nikamweleza kwamba picha yake ilikuwa imeshinda. Alinijibu kwamba anajua. Alijua kwa sababu picha ilikuwa imefika kwao kabla ya kumfikia yeye. Mamaye alikuwa amempigia simu. Hakumkemea; alimwambia tu arudi nyumbani, kwani shamba, ingawa ni dogo, lipo.

Nilimuuliza kama anaionea haya kazi yake. Jibu lake ndilo kiini cha makala haya. "Mwalimu," aliniambia, "kazi siionei haya. Watoto wanakula kwayo. Lakini hilo ningemwambia mama mwenyewe."

Katika mazungumzo yale nilipata kujua kwamba kulikuwa na picha nyingine. Alipofika Nairobi mara ya kwanza, kijana huyo aliazima koti la rafiki yake, akaenda katika uwanja wa KICC na kupigwa picha na mmoja wa wapiga picha wa kulipwa ambao kwa miaka mingi wamefanya kazi yao hapo na katika Bustani ya Uhuru. Wengi wetu tunazijua picha hizo: mtu amesimama wima, mkono mmoja mfukoni, jumba refu limemchomoza nyuma ya bega. Picha hiyo aliituma nyumbani, na huko ilitundikwa ukutani. Basi mtu mmoja, mji mmoja, na hata jumba moja nyuma yake, vilizaa picha mbili. Jopo letu lingeulizwa, lingesema kwamba ya kwanza ni uigizaji na ya pili ndiyo ukweli. Sina hakika tena.

Picha ya KICC ina historia yake inayostahili heshima. Ni ndugu ya picha za studio zilizoenea katika miji yetu ya pwani katika karne ya ishirini. Mteja aliyekwenda katika studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa, au ile ya Omar Said Bakor mjini Lamu, alikwenda kwa hiari yake, akiwa amevaa alichotaka kuonekana nacho. Alilipa, akachukua picha yake, akaamua mwenyewe ampe nani. Mpiga picha alikuwa fundi, lakini msimulizi alikuwa mteja. Koti la kuazima si uongo zaidi ya vazi la arusi la kukodi. Linasema: hivi ndivyo ninavyotaka mnijue, na huku ndiko ninakoelekea. Hiyo nayo ni sehemu ya ukweli wa mtu, kwa kuwa matumaini yake ni sehemu ya nafsi yake.

Ikumbukwe pia kwamba Nairobi, mji ulioanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, umejengwa na watu waliotoka kwingine. Hadi leo wakazi wengi huiita mahali pengine "nyumbani". Kwa sababu hiyo, mkazi wa jiji hili aghalabu ana hadhira mbili: majirani wanaomwona akifanya kazi na jamaa wanaosubiri habari zake. Maisha yake kwa kiasi fulani ni kazi ya kuamua habari ipi ifike wapi, lini, na kwa maneno gani. Picha yetu iliivuka mipaka hiyo yote kwa siku moja. Haikumwibia kijana yule uso wake, maana uso wake uko barabarani kila siku na kila apitaye huuona. Ilimnyang'anya zamu yake ya kusimulia.

Sitara kama wajibu wa mwenye macho

Insha za Susan Sontag zilizokusanywa mwaka 1977 zilidai kwamba kupiga picha ni namna ya kukitwaa kile kinachopigwa. Dai hilo limesaidia sana mjadala huu, lakini limeuelekeza katika lugha ya umiliki: nani kachukua, nani kachukuliwa, nani alipwe. Naona kwamba Kiswahili kina dhana inayolifikia tatizo letu kwa ukaribu zaidi, nayo ni sitara.

Sitara, au stara kama wengi wanavyotamka, ni kifuniko. Nguo humsitiri mwenye kuivaa. Nyumba huwasitiri walio ndani. Sanda humsitiri maiti. Lakini neno hilo halikomei katika vitu. Mtu aliyemwona mwenziwe katika hali ya unyonge na asiseme, amemsitiri. Jirani anayepeleka unga usiku ili mtoto wa jirani asijue kwamba jikoni kwao hakukuwa na kitu, amewasitiri wote. Tutambue basi kwamba sitara si haki tu ambayo aliyeonwa anaweza kuidai. Kabla ya hapo ni wajibu wa aliyeona. Faragha huuliza: je, nimekuruhusu uingie? Sitara huuliza: wewe uliyekwisha kuona, utafanya nini na ulichokiona?

Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Methali hii hufasiriwa mara nyingi kuwa inahusu siri tu. Lakini zingatia kazi ya mwosha. Mwosha haambiwi afumbe macho. Asipotazama hawezi kuosha. Anaona kila kovu, na ni kwa sababu anaona kila kitu ndipo amefungwa na wajibu kuliko wengine wote. Kuona kwake ni huduma, na huduma hiyo hubatilika pindi atokapo nje na kuanza kusimulia. Mpiga picha wa barabarani ana macho ya mwosha. Hatumlaumu kwa kuona. Tunamuuliza kuhusu mlango anaotokea.

Dhana hii inafafanua pia kwa nini maneno "palikuwa mahali pa hadharani" hayatoshi kumtoa mtu hatiani. Barabarani, kijana wa mkokoteni alionwa na mamia ya watu, na kila mmoja wao alimsitiri kwa namna moja au nyingine: alipita, akasahau. Usahaulifu wa wapitanjia ni sitara kubwa mjini. Kamera huondoa usahaulifu huo, na ukumbi wa maonyesho huukataza kabisa.

Pazia la ubunifu

Hapa mhakiki wa fasihi ataweza kupinga. Je, riwaya zetu hazikuwaanika walalahoi wa mijini kwa miongo mingi? Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyosomwa kwa miaka mingi katika shule zetu za upili, tunamwona Maimuna akishuka hatua kwa hatua hadi maisha ya ulevi na ukahaba. Hakuna kamera ambayo ingethubutu kumfuata mtu kwa ukaribu huo. Mbona hatumshtaki mwandishi?

Hatumshtaki kwa sababu hakuna mama popote atakayepiga simu baada ya kuisoma Utengano akamwambia Maimuna arudi. Huenda mwandishi wa riwaya aliwaona watu wengi halisi, lakini aliwapitisha katika ubunifu hadi akatoka na mtu asiyekuwapo. Tumezoea kuueleza ubunifu kuwa ni uhuru wa msanii. Kesi hii inatuonyesha upande wake mwingine: ubunifu ni pazia. Humwezesha msanii kusema yote kuhusu unyonge wa binadamu bila kumvua nguo binadamu yeyote. Picha haina pazia hilo. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1980, alisisitiza kwamba nguvu ya picha ni kuthibitisha kuwa kilichopigwa kilikuwapo kweli mbele ya kamera. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Kijana wa mkokoteni alikuwapo, na angali yupo.

Hata hivyo, fasihi yetu ina mfano wa kazi inayoonyesha bila pazia. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anauonyesha mji wa Pate uliokuwa na fahari, kisha anaonyesha majumba yake yakiwa magofu, na hata anawataja kwa majina baadhi ya marehemu wa ukoo na mji wake. Je, huko si kuvunja sitara? Nadhani sivyo, kwa sababu ya mahali anaposimama mshairi. Utenzi mzima anauambia moyo wake mwenyewe. Anayesutwa si marehemu wa Pate bali ni yeye anayewatazama. Wafu wale ni jamaa zake, na gofu lile ni mustakabali wake. Mshairi amejiingiza katika taswira. Sisi waamuzi tulifanya kinyume chake. Tulisimama nje ya picha, tukavaa tai, tukaita mateso ya mtu mwingine ushujaa, kisha tukajipongeza kwa kuwa na jiji lenye mashujaa.

Hoja pinzani

Hoja ya sitara ina wapinzani wenye nguvu, nao wasikilizwe. Wa kwanza watasema kwamba mficha uchi hazai. Jamii inayofunika umaskini wake haitauponya. Mfano mkubwa unatoka kwa Mkenya, marehemu Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, zilizorushwa na BBC, zilizindua misaada ya ulimwengu mzima. Je, angesubiri ruhusa ya kila aliyelala chini pale Korem?

Ninakubali uzito wa mfano huo. Lakini mfano huo huo ndio unaotusaidia kupambanua. Mzazi anayeingia hospitalini huvua nguo mbele ya mkunga kwa sababu kuna mtoto wa kuzaliwa. Methali haimwambii mtu avue nguo ili watu washangilie. Picha za 1984 ziliomba chakula kwa ajili ya wale waliokuwa ndani ya picha, na chakula kilipelekwa. Picha yetu iliomba makofi, na makofi hayo alipewa mpiga picha, wadhamini na jiji. Kigezo si kwamba picha inaonyesha dhiki au haionyeshi. Kigezo ni nani anayelipa gharama ya kuonekana na nani anayevuna faida yake. Wawili hawa wakiachana mno, pana dhuluma, hata kama nia ilikuwa njema.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili: wenye nguvu wataidaka dhana ya sitara na kuifanya ngao. Anayebomoa vibanda usiku naye atadai asitiriwe. Jibu ni kwamba sitara humhusu mtu katika udhaifu wake. Haikuwekwa kufunika kitendo chake cha kuwaumiza wengine. Tingatinga linalobomoa nyumba za watu halina sitara, na mpiga picha anayelinasa anatimiza wajibu. Lakini hata katika picha hiyo, mama aliyeketi juu ya mabati yake anaendelea kuwa na sitara yake.

Hoja ya tatu ni ya kiufundi. Wapiga picha husema kwamba ukiomba ruhusa kwanza, mtu hubadilika, atajiweka sawa, na lile tukio la kweli litapotea. Hoja hii ina ukweli, lakini inasahau kwamba kati ya kufyatua kamera na kutundika picha ukutani kuna siku, pengine miezi. Ruhusa inayoshindikana kabla inawezekana baada. Mkokoteni hauendi kasi kiasi cha kumshinda kijana mwenye kamera kuufuata.

Tafsiri bila mwenye maana

Kuna hasara nyingine ya kutouliza, nayo inatuhusu sisi wahakiki moja kwa moja. Siku chache baada ya mazungumzo yetu nilirudi Marikiti nikiwa na nakala ya picha ile, kubwa, iliyochapishwa vizuri. Kijana aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole si juu ya uso wake bali juu ya gurudumu la kushoto, ambalo katika jopo hakuna aliyekuwa ameliangalia. "Hili lilikuwa limepasuka," alisema. "Nilikuwa nalisikiliza."

Ndiyo maana macho yake yalitazama pembeni. Sisi tulikuwa tumeyasoma macho yale kwa ujuzi mwingi: mmoja wetu aliona ndani yake uchovu wa tabaka la wafanyakazi, mwingine akaona mtu anayeliangalia jiji lililomkataa, nami nikaona ushujaa. Mwenye macho alikuwa na hofu ya gurudumu, kwa sababu likivunjika viazi vya watu vingemwagika na angevilipa. Adhabu ya kaburi, walisema wahenga, aijuaye maiti. Tumezoea kufundisha kwamba matini ikishatoka mikononi mwa mtunzi huwa huru kufasiriwa, na kwa matini msimamo huo una faida zake. Lakini uso wa mtu si matini iliyotungwa na kutolewa kwa wasomaji. Mwenyewe yupo, anaweza kuulizwa, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko yetu hata kwa vigezo vya sanaa. Maelezo yangu yangeweza kuwekwa chini ya picha ya mvuta mkokoteni yeyote. Yake yangefaa picha ile moja tu.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba mashindano ya picha yakomeshwe. Jiji lisilojitazama haliwezi kujirekebisha, na mara nyingi kijana mwenye kamera huona yale ambayo wapangaji wa mji hawayaoni. Linalopendekezwa ni kwamba sitara iwe kigezo cha kwanza cha uamuzi, kabla ya mwanga na mpangilio. Kwa kila picha inayomtenga mtu mmoja na umati na kuubeba uso wake, jopo lianze kwa kuuliza: je, mtu huyu anajua? Alielezwa picha itakwenda wapi? Ana nakala yake? Alipewa nafasi ya kusema kinachotendeka humo? Picha isiyoweza kujibu maswali haya isitundikwe, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Na mwenye uso akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe bila kudaiwa sababu.

Swali hili sikuliuliza siku ile, ingawa nafasi nilikuwa nayo na jopo lingenisikiliza. Kijana wa mkokoteni aliichukua nakala ya picha, akaikunja ndani ya gazeti isinyeshewe, akasema kwamba ataipeleka nyumbani mwenyewe atakapokwenda, amweleze mamaye habari ya gurudumu. Maneno niliyoandika chini ya picha hiyo katika kijitabu cha maonyesho hayawezi kufutika. Naandika haya ili atakayeombwa kuandika mengine ya namna hiyo aende kwanza barabarani akaulize.